Gramu zinazopungua dukani na onyo la Surat al-Mutaffifin

SIFA zote njema ni za Allah (S.W.), aliyeinua mbingu na kuweka mizani ili watu wasidhulumiane. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu msomaji, ipo namna ya kupandisha bei bila kuitangaza. Mche wa sabuni hufupishwa, mkate huwa mwepesi, pakiti ya majani ya chai hupungua gramu kadhaa, na bei hubaki ile ile. Mama wa nyumbani hutambua pale sabuni iliyokuwa ikitosha juma zima inapokwisha siku ya tano.

Natufanye hesabu. Tuchukulie kuwa mche wa gramu 1,000 uliuzwa shilingi 3,000. Ukipunguzwa hadi gramu 800 kwa bei ile ile, kilo moja sasa ni shilingi 3,750. Bei imepanda kwa asilimia 25, wala hapana aliyeambiwa.

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa mkulima aweza kupunjwa mara mbili. Anapouza mazao hukabiliwa na lumbesa: gunia hujazwa hadi mdomoni, huongezewa rundo jingine juu, kisha huhesabiwa kuwa gunia moja. Katika kahawa iko butura, ambapo mwenye shida ya ada ya shule au matibabu huuza kahawa ikingali mtini kwa bei ya chini mno. Fedha hiyo hiyo akiipeleka dukani, Kayanga, Omurushaka au Nkwenda, hukutana na pakiti iliyopunguzwa. Alipouza, kipimo kilikuwa kikubwa. Aliponunua, kikawa kidogo.

Hali hiyo ndiyo iliyoelezwa katika Surat al-Mutaffifin, sura ya 83. Aya zake za mwanzo zinawaonya kwa adhabu kali wale ambao wakipokea kipimo kwa watu hutaka kijae, na wakiwapimia wengine hupunguza. Tuzingatie kuwa pande zote mbili zimetajwa pamoja. Wanazuoni wa lugha wameeleza kuwa jina la sura hiyo linatokana na neno lenye maana ya kitu kidogo, hafifu. Basi mwenye kupunja gramu chache asijipe udhuru kuwa ni kidogo.

Lakini je, kiwanda kilichoandika uzito mpya juu ya pakiti kina lawama? Hapa inatupasa tuwe waadilifu. Gharama hupanda kweli. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipandisha bei ya ngano na mafuta ya kula, bidhaa ambazo Tanzania huziagiza kwa wingi kutoka nje. Nao Uislamu haumkatazi mfanyabiashara kupandisha bei kwa haki. Bei zilipopanda Madina, watu walimwomba Mtume (S.A.W.) awapangie bei, naye hakukubali, akichelea kukutana na Mola wake hali amemdhulumu mtu.

Kinachokatazwa ni kuficha. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, akakuta unyevu. Muuzaji akasema kuwa ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakuiweka juu ile iliyolowa ili watu waione, kisha Mtume akabainisha kuwa mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Mvua haikuwa kosa la mtu yule. Kosa lake lilikuwa kuifunika. Vivyo hivyo, kupanda kwa gharama si kosa la kiwanda. Lakini kuificha ndani ya pakiti yenye sura ile ile, huku uzito mpya ukiandikwa kwa herufi ndogo pembeni, kunafanana mno na rundo lile.

Wengine nao wameuona ubaya huu. Ufaransa, kuanzia tarehe 1 Julai 2024, iliyataka maduka makubwa kubandika tangazo kwa miezi miwili karibu na bidhaa iliyopunguzwa ujazo bila bei kushuka. Kwetu ipo Sheria ya Vipimo, na Wakala wa Vipimo ulioanzishwa mwaka 2002 hukagua mizani na bidhaa zilizofungashwa, na hupiga vita lumbesa.

Mwenye duka hakuipunguza sabuni yeye, lakini anajua. Basi na amwambie mteja kuwa uzito umebadilika. Sukari anayoifunga mwenyewe katika vifuko, na aipime mbele ya mnunuzi. Mnunuzi wa mazao na atumie mizani, si macho wala rundo. Nasi wazazi tuwafundishe watoto tunaowatuma dukani kusoma gramu kabla ya kutoa fedha, na anayebaini kupunjwa awaarifu wahusika.

Imepokewa kuwa muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha, hubarikiwa katika biashara yao. Wakificha na kusema uongo, baraka huondolewa. Na sura ile yauliza iwapo wapunjaji hawadhani kuwa watafufuliwa kwa ajili ya Siku iliyo kuu. Siku hiyo gramu zilizofichwa zitakuwa wazi.

Wabillahi tawfiq.