Ndugu, uma meno: yanakutana?

Kule kwetu Kirungu, mwenzetu mmoja wa shimo aliletwa kwenye nyumba ya sendika, taya imevimba kama embe. Mutalimbo ulichomoka kwenye jiwe ukamupiga kidevuni. Walimupa vidonge vya maumivu na kumuambia arudi kazini siku ya tatu. Kapita wake alicheka: meno si muguu, utatembea tu.

Sisi tulimuuliza jambo moja: «Ndugu, uma meno. Yanakutana kama zamani?» Akajaribu. Magego ya kuume yaligusana, mbele kukabaki nafasi ya kupitisha kidole. «Hapana, haikutane.»

Meno yaliyokutana jana na leo hayakutani, kisha pigo, mara nyingi ni taya imevunjika ao imetoka pahali pake. Angalia tena kama mudomo wa chini una ganzi, ao kama damu imejikusanya chini ya ulimi. Njiani mugonjwa aketi akiinama mbele, damu itoke inje. Akitapika, musimufunge kidevu na kitambaa.

Vidonge haviungi mfupa. Munganga anafunga meno ya juu na ya chini pamoja kwa nyuzi za chuma, majuma ine mupaka sita hivi, na mutu anakunywa uji kwa murija. Ikifanywa siku za kwanza, mfupa unashika sawa. Ukichelewa unashika mupindo, na kuunyoosha ni kupasua. Mwenzetu alikuwa amechelewa siku kumi na moja.

Njo maana tunasumbua. Code du Travail ya 16 Oktoba 2002 inamubebesha patro matunzo ya mutumishi na jamaa yake, na meno yameandikwa mule. Ajali ya kazi inatangazwa kwa CNSS. Basi siku ile ile omba karatasi ya ajali, andika saa na majina ya walioona. Wachimbaji wa mukono hawana patro: wao waweke sanduku la ajali mbele ya kushuka shimoni.

Na bamama, mutoto anayenyonya kidole mupaka miaka sita, meno yake ya mbele yanaacha tundu vilevile. Tena musikubali mutu achimbue ufizi wa mutoto mwenye homa ao kuhara. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania, wanaita meno ya plastiki. Si ugonjwa, ni mbegu za chonge, na zile zinazofuata zinaweza kuota mbovu.

Mwenzetu anakula bukari sasa. Nyama bado anakata na kisu, vipande vidogo, na karatasi yake ya ajali ingali inangoja sahihi.