Azpilicueta: Beki ‘kiraka’ aliyebeba kila kombe kubwa Chelsea

Februari 12, 2022, Abu Dhabi. Fainali ya Kombe la Dunia la Klabu kati ya Chelsea na Palmeiras ya Brazil iko kwenye muda wa nyongeza, matokeo ni 1-1. Shuti la César Azpilicueta linamgonga mkononi beki wa Palmeiras, Luan. Mwamuzi anakwenda kwenye VAR, anarudi, anaweka penalti.

Azpilicueta anauchukua mpira na kubaki nao. Wachezaji wa Palmeiras wanamzonga, wanamtupia maneno, wanataka kumtoa mchezoni. Yeye kimya. Kila mtu uwanjani anaamini nahodha ndiye mpigaji.

Dakika ya mwisho anamkabidhi mpira Kai Havertz, ambaye muda wote huo hakuna aliyemgusa wala kumsemesha. Havertz anafunga dakika ya 117. Chelsea bingwa wa dunia.

Ulikuwa mtego, na Azpilicueta ndiye aliyekuwa chambo. Ukitaka kuielewa soka yake yote, anzia hapo: bao kafunga mwingine, kazi chafu kaifanya yeye.

Usiku huo beki huyo wa Hispania akawa mchezaji wa kwanza kutwaa makombe yote makubwa saba akiwa na Chelsea. Si John Terry, si Frank Lampard, si Didier Drogba. Ni jamaa aliyesajiliwa kwa pauni milioni 7.

Alifikaje huko?

Alianza mbele, akarudishwa nyuma

Azpilicueta alizaliwa Agosti 28, 1989 mjini Pamplona, kaskazini mwa Hispania. Soka alijifunza kwenye timu za vijana za Osasuna, klabu ya mji wake. Wakati huo hakuwa beki. Alikuwa akicheza mbele na pembeni.

Alipopandishwa kikosi cha kwanza mwaka 2007, akiwa na miaka 17, timu ilipungukiwa watu upande wa kulia nyuma. Akaombwa azibe pengo. Akaziba, na hakurudi tena mbele.

Mwaka 2010 alihamia Marseille, waliokuwa mabingwa wa Ufaransa chini ya kocha Didier Deschamps. Miezi michache tu baadaye, Novemba, akachanika kano ya goti. Hilo ni jeraha ambalo limewamaliza wengi. Alikaa nje kwa miezi, akarudi, akapata tena namba. Agosti 2012 Chelsea wakampigia hodi.

Jina gumu, wakamwita ‘Dave’

Chelsea ya mwaka 2012 ilikuwa imetoka kubeba Ligi ya Mabingwa Ulaya. Usajili uliozungumzwa dirisha lile ni wa Eden Hazard, aliyegharimu pauni milioni 32. Azpilicueta aliingia kimyakimya, na jina lake lilivyokuwa gumu kulitamka, pale klabuni akabatizwa ‘Dave’. Mashabiki wakalidaka jina hilo na likadumu.

Namba mbili ya Chelsea ilikuwa na mwenyewe, Branislav Ivanović, kitasa ambaye makocha hawakuthubutu kumweka benchi. Kwa hiyo Azpilicueta alikuwa na njia mbili: asubiri, au atafute kazi nyingine uwanjani.

Mguu wa kulia, upande wa kushoto

Msimu wa 2013/14 José Mourinho akafanya jambo lililowashangaza wengi. Alimtoa Ashley Cole, mmoja wa mabeki bora wa kushoto wa zama zake, na namba tatu akampa Azpilicueta, mtu wa mguu wa kulia.

Kwa nini? Mawinga wengi wa siku hizi hawakimbilii kibendera cha kona kupiga krosi kama zamani. Wanakata kuingia ndani ili wapige shuti. Winga wa kulia anapokata ndani, anapita upande wa kulia wa beki wa kushoto. Beki wa kawaida wa kushoto hapo anakabia mguu wake dhaifu. Azpilicueta alikuwa anawapokea kwa mguu wenye nguvu.

Mpango huo ulikuwa na gharama yake. Akipanda kushambulia, alilazimika kuusimamisha mpira na kuuhamishia mguu wa kulia ndipo apige krosi, na wakati huo wapinzani wameshajipanga. Mourinho alikubali hasara hiyo ili upande wake wa kushoto ufungwe kwa kufuli.

Mwisho wa msimu, wachezaji wenzake walimchagua kuwa mchezaji wao bora wa mwaka. Cole akaondoka. Chelsea wakamnunua Filipe Luís kutoka Atlético Madrid, beki halisi wa mguu wa kushoto. Huyo naye alikaa msimu mmoja akarudi alikotoka. Namba tatu ikabaki kwa Azpilicueta, na mwaka 2015 akabeba Ligi Kuu England pamoja na Kombe la Ligi.

Conte na kazi ya tatu

Septemba 2016 Chelsea walichapwa 3-0 na Arsenal. Kocha mpya, Antonio Conte, akabadili mfumo akaanza kutumia mabeki watatu wa kati. Hatua hiyo ilizaa ushindi wa mechi 13 mfululizo za ligi.

Mmoja wa mabeki hao watatu alikuwa Azpilicueta, pamoja na David Luiz na Gary Cahill. Kwa beki wa kati si mrefu, ana mita 1.78 tu. Lakini Conte hakuwa anatafuta mrefu mwingine.

Kwenye mfumo ule, upande wa kulia alipangwa Victor Moses, aliyekuwa winga kwa asili. Moses akipanda, nyuma yake panabaki uwanja mtupu. Anayetakiwa pale ni mtu mwenye mbio, anayeweza kumkaba winga peke yake na bado akarudi kusimama katikati. Hizo zote ni kazi ambazo Azpilicueta alishazizoea akiwa pembeni.

Msimu huo Chelsea walichukua ubingwa wakiwa na pointi 93. Azpilicueta alicheza kila dakika ya mechi zote 38 za ligi. Hakutolewa, hakufungiwa, hakuumia. Msimu uliofuata akabeba Kombe la FA, huku krosi zake kutoka nyuma zikimlisha mabao ya kichwa Mhispania mwenzake, Álvaro Morata.

Makocha wanakuja, yeye yupo

Chelsea ni klabu isiyo na subira na makocha. Katika miaka yake 11 pale Azpilicueta aliona wakiingia na kutoka Roberto Di Matteo, Rafael Benítez, Mourinho, Guus Hiddink, Conte, Maurizio Sarri, Lampard, Thomas Tuchel na Graham Potter.

Kila kocha huja na mfumo wake na orodha ya watu anaowataka. Kwa mchezaji anayejua kazi moja tu, kocha mpya ni hatari: mfumo ukibadilika, ajira imeyumba. Kwa kiraka mambo ni tofauti. Sarri alitaka mabeki wanne, akamkuta beki wa kulia. Tuchel akarudisha watatu, akamkuta wa kati.

Chini ya Sarri alinyanyua Europa League mwaka 2019 jijini Baku akiwa amevaa kitambaa cha unahodha, baada ya kuifunga Arsenal 4-1. Chini ya Tuchel, Mei 29, 2021 mjini Porto, aliongoza timu kuifunga Manchester City 1-0 na kubeba Ligi ya Mabingwa Ulaya. Mwaka huohuo likaja Super Cup ya Ulaya, kisha Abu Dhabi.

Alichokikosa England ni Ngao ya Jamii peke yake.

Timu ya taifa: alifika kati ya sherehe mbili

Mafanikio hayo hayakumfuata Hispania. Aliichezea kwa mara ya kwanza Februari 2013, wakati taifa hilo limeshabeba Kombe la Dunia la 2010 na Euro za 2008 na 2012. Mechi yake ya kwanza ya Kombe la Dunia, mwaka 2014, ilikuwa kile kipigo cha 5-1 kutoka kwa Uholanzi.

Alikwenda Kombe la Dunia mara tatu na kuichezea Hispania mechi 44. Bao lake la kukumbukwa ni la kichwa dhidi ya Croatia kwenye Euro, Juni 2021, mechi iliyoisha 5-3. Hispania ilipobeba tena Euro mwaka 2024, yeye hakuwemo. Alifika sherehe moja imekwisha, akaondoka kabla ya nyingine kuanza.

Mwili nao una hesabu yake

Februari 2023, dhidi ya Southampton uwanjani Stamford Bridge, alipigwa teke la kichwa na mpinzani aliyekuwa anajaribu tikitaka. Uwanja mzima ukanyamaza. Alitolewa kwa machela akapelekwa hospitali, na habari njema zikaja baadaye kwamba yuko salama.

Majira yale ya joto aliondoka kwenda Atlético Madrid akiwa amecheza mechi 508. Ni Mchezaji wa sita kwa mechi nyingi katika historia ya Chelsea, na wa kwanza kwa wachezaji wa kigeni, mbele ya kipa Petr Čech. Mwaka 2025 akajiunga na Sevilla.

Mabao yake Chelsea ni 17 tu. Ukitafuta video zake mtandaoni hutapata chenga nyingi za kumrushia rafiki.

Lakini kuna kitu kimoja kinachoonekana kwenye kila picha yake na kombe. Alicheza namba mbili, tatu, nne na tano, na miaka yote 11 jezi yake ilikuwa ileile aliyopewa siku alipofika, wakati nafasi ilikuwa ya mtu mwingine: namba 28.