Monaziti ya Mrima: Thamani Yake, Mionzi Yake na Yanayompasa Mkazi Kujua

Kwa miaka mingi, wakazi wa maeneo yanayozunguka Kilima cha Mrima, Lunga Lunga, wamesikia mambo mawili: kwamba kilima hicho kina madini ya thamani kubwa, na kwamba madini hayo yana mionzi. Yote mawili ni kweli. Makala haya yanaeleza moja ya madini hayo, monaziti, na tahadhari zinazofaa kuchukuliwa.

Monaziti ni nini?

Monaziti ni fosfeti iliyobeba madini adimu kama seriamu, lanthanamu na neodimiamu, pamoja na kiasi cha thoriamu. Rangi yake huwa kahawia, nyekundu au manjano. Ni nzito: kwa ujazo ule ule, uzito wake ni takriban mara tano ya maji, ilhali mchanga wa kawaida haufiki mara tatu. Kwa sababu hiyo, mawimbi huondoa mchanga mwepesi na kuiacha monaziti ufuoni, kama ilivyo katika fuo za Kerala nchini India na sehemu za Brazil.

Mrima ni tofauti. Kilima hicho ni mabaki ya volkano ya kale ambayo miamba yake ilikuwa na kaboneti nyingi, mfano wa chokaa. Mvua na joto la muda mrefu viliyeyusha kaboneti hiyo. Monaziti haiyeyuki kwa urahisi, hivyo ilibaki na kurundikana katika udongo mwekundu wa juu, pamoja na niobiamu. Mgodi wa Mount Weld nchini Australia una asili kama hiyo.

Inatumika wapi?

Neodimiamu hutengeneza sumaku zenye nguvu zinazotumika katika mitambo ya upepo, magari ya umeme na spika za simu. Seriamu hutumika kusugua vioo na kutengeneza jiwe la kiberiti cha gesi. Wazee wanaokumbuka taa ya karabai wameshawahi kuiona kazi ya thoriamu: ndiyo iliyotiwa katika kile kifuko cha nyuzi kinachowaka kwa mwanga mweupe.

Mionzi yake ni kali kiasi gani?

Thoriamu hubadilika polepole mno. Nusu yake huchukua takriban miaka bilioni 14 kugeuka, na ndiyo sababu mionzi yake huhesabiwa kuwa hafifu. Sehemu kubwa ya mionzi hiyo huzuiwa hata na karatasi au ngozi ya mtu. Hatari huja kwa njia tatu: kuvuta vumbi lake, kumeza udongo wake, na kukaa karibu nayo kwa muda mrefu, kwa kuwa baadhi ya mionzi hupenya na pia hutoa gesi ya radoni inayoweza kujikusanya ndani ya nyumba.

Huko Kerala, watu wameishi juu ya mchanga wenye monaziti kwa vizazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 haukupata ongezeko la saratani lililotokana na mionzi hiyo. Hata hivyo, kulala chumba kimoja na mawe hayo si jambo la kujaribu bila sababu.

Wakazi wanashauriwa:

• Wasichukue udongo, murram au mawe ya kilimani kujengea nyumba, kukandika kuta au kutandaza uani.
• Wasiweke sampuli za mawe ndani ya nyumba, wala kuwaachia watoto wachezee.
• Wasiponde wala kuchekecha udongo huo. Vumbi ndilo la kuogopwa zaidi.
• Wanawe mikono kabla ya kula, na wafungue madirisha ili hewa ipite.

Anayepita njia ya kilimani kwa saa chache hana sababu ya kuingiwa na hofu. Usimamizi wa masuala ya mionzi nchini uko chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia ya Kenya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019.

Sheria inasema nini?

Kwa mujibu wa Katiba, madini ni mali ya umma chini ya Serikali ya Kitaifa, hata yakiwa chini ya shamba la mtu. Kuyatafuta au kuyauza bila kibali ni kosa. Yakichimbwa kihalali, Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inagawa mrabaha hivi: asilimia 70 kwa Serikali ya Kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya eneo la mgodi.

Mrima pia ni kaya ya Wadigo na msitu uliohifadhiwa. Isitoshe, kutenganisha madini adimu na thoriamu huacha taka zenye mionzi, jambo lililozua mvutano wa miaka mingi nchini Malaysia, ambako madini ya Mount Weld husafishwa. Kwa hivyo, mradi wowote utakapoletwa, mkazi ana haki ya kuuliza mapema: taka zitawekwa wapi, nani atazilinda, na kwa muda gani? Nafasi ya kuuliza ni katika vikao vya umma vya tathmini ya athari kwa mazingira.

Anayefuatwa na mtu anayetaka kununua shamba au mawe kwa ajili ya madini aombe kwanza kuona leseni yake, na apige ripoti kwa chifu kabla ya kutia sahihi popote.