Kuziba Matundu ya Kuta za Ndani

Wahenga walisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Leo twataka kueleza kwamba katika nyumba za udongo, tokea Shinyanga mpaka Geita, asiyeziba ufa aweza pia kuuguza watoto wake.

Sababu yake ni papasi. Mchana hujificha katika nyufa za kuta na sakafu. Usiku hutoka, humnyonya damu aliyelala, kisha hurudi mafichoni. Aweza kukaa miaka bila kula naye yu hai. Yeye ndiye aletaye homa ya papasi, homa ambayo hupoa, mgonjwa akadhani amepona, kisha humrudia. Ni ya hatari hasa kwa wanawake wenye mimba na watoto wadogo. Mwaka 1905 daktari Mjerumani Robert Koch, alipofanya uchunguzi katika nchi hii, aliviona vijidudu vya homa hiyo hata ndani ya mayai ya papasi. Mwaka huo huo daktari Mwingereza Joseph Everett Dutton, aliyekuwa akiichunguza huko Kongo, alikufa kwa homa hiyo hiyo.

Basi, tuzibe kwa kitu gani? Kanuni ni moja: kizibo kifanane na ukuta. Watu wengi hudhani kuwa saruji, kwa kuwa ni ngumu, ndiyo bora mahali pote. Sivyo. Udongo huvimba kidogo upatapo unyevu na kunywea ukaukapo, bali saruji haiufuati. Baada ya muda huachana, na nyuma ya saruji hubaki nafasi ambayo jicho haliioni, lakini papasi huijua. Kwa hiyo ukuta wa udongo au wa matofali mabichi uzibwe kwa udongo. Ukuta wa matofali ya kuchoma uliojengwa kwa saruji uzibwe kwa saruji na mchanga.

Udongo nao si wote ufaao. Ule mweusi wa mbugani usiutumie. Hupasuka sana ukaukapo. Udongo wa kichuguu au udongo mwekundu ni bora, ukichanganywa na mchanga. Ili kujua kipimo, fanya vidonge vitatu: cha kwanza kibaba kimoja cha udongo kwa kimoja cha mchanga, cha pili kimoja kwa viwili, cha tatu kimoja kwa vitatu. Vianike kivulini mpaka vikauke kabisa. Kilichopasuka kimepungukiwa mchanga. Kinachomomonyoka mkononi kimezidi mchanga. Kilicho kizima na kigumu ndicho cha kufuata.

Mchanga pia una shauri lake. Karibu na machimbo ya dhahabu kuna malundo ya marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa dhahabu. Ni laini, na huvuta macho ya fundi. Usiuingize nyumbani kamwe. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki kushika dhahabu, na nyingine hubaki katika marudio hayo. Zebaki ni sumu ya ubongo, nayo huwadhuru zaidi watoto na mimba. Chukua mchanga safi wa mto, mbali na mahali pa kuoshea dhahabu.

Sasa kazi yenyewe. Kwangua tundu mpaka ufikie udongo mgumu, ufagie vumbi lote na kulichoma moto, kwa maana huenda papasi wamo. Lowesha tundu kwa maji, kwani ukuta mkavu huyanyonya maji ya kizibo upesi, nacho hakishiki. Changanya udongo na majani makavu yaliyokatwa vipande vidogo, ushindilie tabaka nyembamba. Kama tundu ni refu, usilijaze mara moja. Likwaruze tabaka la kwanza, likauke, kisha utie la pili. Mwisho paka ukuta wote chokaa nyeupe, ili ufa mpya uonekane mara utokeapo.

Wala usisahau sakafu na pembe zilizo nyuma ya kitanda, maana papasi hupenda kuwa karibu na mtu aliyelala. Kagueni kila baada ya mvua za masika.