Diosito: Mungu wa Karibu

Katika Mexico na nchi nyingi za Amerika ya Kusini, Mkristo asemaye Kihispania huweza kumwita Mungu Diosito. Neno hili limeundwa kwa kukitia kiambishi cha udogo katika Dios, yaani Mungu. Msomaji wa Kiswahili yamkini atashtuka, kwa maana kwetu mtu akiitwa kijitu amedharauliwa. Je, Diosito nalo ni dharau?

Tuanze na asili. Dios latokana na Kilatini Deus. Nomino nyingi za Kihispania zimerithi umbo la Kilatini la mtendwa. Dios ni miongoni mwa chache zilizohifadhi umbo la mtenda, na ndiyo sababu ya s ya mwisho. Deus nalo ni la shina la kale lenye maana ya anga na mwangaza, lililozaa pia dies, yaani siku, na jina la Kigiriki Zeus. Theos ya Agano Jipya, ijapofanana nalo kwa sauti, ni ya shina lingine.

Kiambishi -ito huonyesha udogo, lakini pia mapenzi. Abuela ni bibi. Abuelita ni bibi mpendwa, hata akiwa na mwili mkubwa. Vivyo hivyo Wakechua wa Cusco, Peru, humwita Kristo Taytacha: tayta ni baba, na -cha ni kiambishi cha udogo na mapenzi.

Basi kinachopunguzwa katika Diosito ni umbali, wala si utukufu. Luther, katika Katekisimo Ndogo, afundisha tumwombe Mungu kwa ujasiri, kama watoto wapendwa wamwombavyo baba yao. Roho naye hutufanya tulie, Abba (Rum. 8:15). Wengine walidhani Abba ni neno la kitoto tu. Mwaka 1988 James Barr alionyesha kwamba watu wazima pia walilitumia. Ukaribu na heshima huweza kukaa pamoja.

Kwa hiyo mfasiri asiandike "kijimungu", neno ambalo kwetu laelekea kwenye sanamu. Kiswahili hubeba upendo huo kwa njia nyingine: "Mungu wangu mpendwa". Tukiipima sala ya ndugu kwa sarufi yetu wenyewe, twaweza kuiita dharau ile iliyo imani.