Fahamu: Milango midogo inayoongoza mapigo ya moyo

Mwaka 1957, madaktari wa Norway Anton Jervell na Fred Lange-Nielsen waliandika habari za familia moja yenye watoto 6. Wanne walikuwa viziwi, tena walikuwa wakizimia ghafla. Watatu kati yao walifariki, wakiwa na umri wa miaka 4, 5 na 9.

Masikio na moyo vinahusiana vipi?

Pigo la moyo huanza na umeme. Kwenye utando wa seli za moyo kuna protini zinazofunguka na kujifunga kama milango. Sodiamu huingia kwa kasi na kuiamsha seli, kalsiamu hufuata na msuli ukajikaza, kisha potasiamu hutoka na seli ikatulia, tayari kwa pigo jingine. Mlango wa potasiamu ukiwa na hitilafu, seli huchelewa kutulia. Hapo mapigo yanaweza kuvurugika, damu isifike kwenye ubongo, mtu akaanguka. Mlango huohuo hufanya kazi ndani ya sikio pia, ndiyo maana watoto wale hawakusikia.

Wala tatizo si la kurithi tu. Terfenadine, dawa ya mzio, iliondolewa sokoni Marekani mwaka 1998 kwa kuwa iliweza kuziba mlango mwingine wa potasiamu. Hata klorokwini, tuliyoimeza miaka mingi kutibu malaria, inaweza kurefusha muda wa seli kutulia.

Kijana anayezimia akiogelea au akikimbia huweza kudhaniwa ana kifafa. Apimwe umeme wa moyo haraka: dawa za kundi la beta-bloka huwakinga wengi.