Usingizi wa Mtoto Mdogo na Zamu za Kazi



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia mishahara, nyumba za kambi na ajali za mitambo. Leo tunazungumzia usingizi wa mtoto wa mwaka 1 hadi 3. Huenda wengine wakauliza, jambo hilo lahusu nini chama? Linahusu sana. Mama aliyekeshwa na mtoto, kisha akaamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi kazi, ndiye huyo huyo anayesimama mchana mbele ya mtambo wa kusaga majani ya chai. Mkono wa mtu mwenye usingizi hauko mbali na ajali.

Mtoto anahitaji usingizi kiasi gani?

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019. Mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji kulala kwa muda wa saa 11 hadi 14 katika kila siku nzima, na mtoto wa miaka 3 hadi 4 saa 10 hadi 13. Hesabu hiyo ni ya usiku na mchana kwa pamoja. Mwongozo huo unasisitiza pia kwamba nyakati za kulala na kuamka ziwe zile zile kila siku.

Kwa nini ziwe zile zile? Usingizi huletwa na mambo mawili. La kwanza ni uchovu, ambao hujikusanya polepole tangu mtoto anapoamka, kama maji yanavyojaa mtungini. Akilala mchana, mtungi unapungua, na lazima ujae tena kabla hajaweza kulala usiku. La pili ni mwili wenyewe, ambao hufuata mwanga na giza kama saa ya ukutani. Sisi wa Uganda tuko kwenye Ikweta, na jua letu huchomoza karibu saa moja asubuhi na kuzama karibu saa moja jioni mwaka mzima. Giza linaingia wakati ule ule kila siku. Tulitumie.

Usiku huharibika mchana

Wazazi wengi hulaumu usiku, lakini kosa limetendeka alasiri. Mama yuko shambani. Mtoto amebaki na bibi, jirani au dada yake mkubwa. Ikifika saa kumi jioni mtoto anasumbua, anabebwa mgongoni kwa leso, analala mpaka saa kumi na mbili. Mama anarudi na kumkuta ametulia, anashukuru. Lakini saa tano usiku mtoto bado anacheza, kwa sababu mtungi wake bado haujajaa.

Tuchukue mfano wa mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Anaamka saa kumi na mbili asubuhi. Anakula saa sita na nusu mchana, analala saa saba, anaamshwa saa tisa. Saa mbili usiku amelala mpaka asubuhi. Hapo amepata saa 2 za mchana na saa 10 za usiku, jumla saa 12. Zinamtosha, na mama naye amepata nafasi ya kulala mapema.

Kwa hiyo, kila jioni muulize anayekulelea mtoto swali moja tu: leo alilala saa ngapi, akaamka saa ngapi? Uliza kwa heshima, si kwa kugomba. Mwombe pia mtoto alale baada ya chakula cha mchana, na asilazwe tena baada ya saa tisa na nusu.

Watoto wengi huacha usingizi wa asubuhi na kubaki na ule wa mchana mmoja wanapokuwa na miezi 12 hadi 18. Katika wiki hizo mtoto huwa mkorofi jioni. Mlaze nusu saa mapema kuliko kawaida mpaka azoee. Usimnyime usingizi wa mchana ukidhani atalala vizuri usiku. Mtoto aliyechoka kupita kiasi hulia na kugoma kulala.

Mambo manne kwa utaratibu mmoja

Mtoto hajui kusoma saa, lakini anajua kinachofuata. Mwogeshe, mlishe, mwingize ndani ya chandarua, kisha mwimbie au msimulie hadithi fupi. Fanya hivyo kila usiku, kwa mpangilio huo huo. Baada ya wiki moja au mbili akiona beseni la maji ataanza kujua kwamba kulala kumekaribia.

Mlaze akiwa anasinzia lakini bado macho. Aliyezoea kulala mgongoni au titini tu, akizinduka saa nane usiku atataka mgongo huo au titi hilo tena.

Nyumba nyingi za kambi ni chumba kimoja. Basi pazia la kanga, taa iliyopunguzwa na redio iliyozimwa hufanya kazi ya chumba cha pili. Simu nayo iwekwe mbali. Mwongozo tulioutaja unasema mtoto wa mwaka 1 asikalishwe mbele ya picha za simu wala televisheni, na wa miaka 2 asizidishe saa moja kwa siku.

Zamu za baba zikibadilika, za mtoto zisibadilike. Baba wa zamu ya usiku anayelala asubuhi apewe utulivu, mtoto apelekwe kwa mlezi. Baba wa zamu ya jioni yuko nyumbani asubuhi, na anaweza kumlisha na kumwogesha mtoto. Hiyo si kazi ya akina mama peke yao.

Hatari za kuepuka

Usimpe mtoto dawa ya kikohozi au ya mafua ili alale. Dawa hizo zinaweza kumpunguzia pumzi. Pombe, hata kijiko kimoja, ni sumu kwake. Usilaze mtoto katika chumba chenye sigiri inayowaka, kwani hewa ya makaa haina harufu na huua watu wakiwa usingizini. Na asilale nje ya chandarua chenye dawa, maana mbu wa malaria huuma hasa usiku.

Chama kifanye nini?

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mama siku 60 za kazi za likizo ya uzazi kwa malipo kamili, na baba siku 4. Siku hizo huisha mtoto angali akinyonya. Kinachofuata hutegemea makubaliano ya kazini, na makubaliano hujadiliwa.

Tunazo nguzo za kushika. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka mama anayenyonyesha apewe mapumziko yanayohesabiwa kuwa kazi na kulipwa. Pendekezo namba 165 la mwaka 1981 linataka mahitaji ya wafanyakazi wenye familia yaangaliwe katika kupanga zamu na kazi za usiku. Haya si amri kwa kila mwajiri, lakini ni hoja nzito mezani.

Tudai, basi, ratiba ya zamu ibandikwe mapema, si jioni ya kuamkia kazi. Tudai vituo vya kulelea watoto karibu na mashamba, vyenye kivuli, mikeka na vyandarua, ili mtoto alale saa saba mchana kama inavyopasa, na dada yake aende shule.

Kabla ya mkutano ujao wa tawi, kila mzazi aandike kwa siku saba: mtoto alilala saa ngapi, mimi nililala saa ngapi, niliingia kazini saa ngapi. Mpe mjumbe wako karatasi hiyo. Malalamiko ya mdomo husahauliwa, lakini karatasi arobaini zenye hesabu moja ni vigumu kwa meneja kuzisukuma pembeni.